Mfereji Mkuukuu Usiutupe: Somo la Shaba Kutoka Mji wa Kale

Ukifika Mombasa bila shaka utapelekwa Fort Jesus. Utapigwa picha mbele ya kuta zile zilizojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, utachungulia mizinga, utakunywa dafu pale nje, kisha utageuka kurudi ulikotoka ukidhani kwamba umeuona mji. La hasha! Mji wenyewe unaanzia pale ambapo wageni wengi hugeuzia migongo. Ipe ngome kisogo, uingie katika vichochoro vya Mji wa Kale, na hapo ndipo safari yetu ya leo inapoanzia.

Sikualiki kutazama roshani za mbao wala milango ya nakshi peke yake. Hizo zimekwisha kuandikwa sana. Leo nataka tutazame kitu kidogo ambacho hata wewe unacho nyumbani kwako, iwe unaishi Buruburu, Kisauni au Kondele. Kitu hicho ni mfereji wa maji. Wapo wanaouita bomba, na mwalimu wako wa Kiswahili huenda akakusahihisha akuambie ni bilula. Jina lolote utakalolipenda, sisi sote twajua linalotokea katika nyumba zetu za mjini. Mfereji hununuliwa uking'aa kama kioo. Mwaka mmoja au miwili baadaye ile ngozi nyeupe huanza kubambuka, ukungu wa kijani ukatambaa shingoni, na mpini ukawa na madoa kama mtu aliyeugua ndui. Baba hukunja uso, akasema, "Huu sasa ni takataka." Mfereji hutiwa guniani, mnunuzi wa vyuma vikuukuu hupita, na pesa nyingine hutoka mfukoni kununua mwingine ambao pengine ni dhaifu kuliko ule uliotupwa.

Katika Mji wa Kale mambo ni tofauti. Humo zimo nyumba ambamo mfereji wa uani una umri mkubwa kuliko mtoto anayeufungua kila asubuhi, na bado unang'aa. Siri yake si ya kichawi.

Mji uliozoea shaba

Usafiri hauna taabu. Tangu 2017, treni ya Madaraka Express hutoka Nairobi hadi kituo cha Miritini, na kutoka hapo utapata gari la kukuvusha hadi kisiwani. Ukishuka karibu na Marikiti, pita kwanza sokoni upate harufu ya bizari, karafuu na iliki, na ukiweza nunua ukwaju kidogo. Utakufaa baadaye katika makala haya, na sio kwa kutengeneza sharubati tu. Vaa mavazi ya heshima, maana unaingia katika mitaa ya watu wanaoishi humo, si jumba la maonyesho. Usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa.

Barabara moja mashuhuri humo ni Ndia Kuu. Kwa Kimvita, jina hilo maana yake ni njia kuu, ingawa magari mawili yakikutana humo huenda moja likalazimika kurudi nyuma. Tembea polepole. Utaona baadhi ya milango iliyopambwa kwa vipande vya shaba. Jioni utamsikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake vidogo, na dele lake la shaba likimetameta juu ya makaa. Ndani ya nyumba, siku ya harusi au maulidi, hutolewa sinia na mrashi wa kunyunyizia marashi, vyombo vilivyorithiwa kutoka kwa nyanya.

Huo ni utamaduni wa pwani nzima. Ukienda Lamu, katika jumba la makumbusho, utaiona Siwa ya Lamu, baragumu kubwa la shaba lililokuwa likipulizwa katika shughuli za wakuu wa mji. Mwenzake wa Pate ulichongwa kwa pembe za ndovu, lakini watu wa Lamu walichagua shaba. Watu waliolelewa miongoni mwa vyombo vya namna hii hujua jambo moja ambalo sisi wa miji mipya tumelisahau. Shaba ikipoteza mng'aro haijafa. Inangoja mkono.

Nikisema shaba hapa, nina maana ya ile ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu huiita brasi. Hiyo ndiyo iliyo ndani ya mifereji mingi mizuri, hata ile inayoonekana nyeupe kwa nje.

Chumvi haina huruma

Kama kuna mahali pa kuujaribu mfereji, basi ni Mombasa. Mji huu ni kisiwa. Upepo wa baharini huja na chembe za chumvi usiku na mchana, zikatua juu ya mabati, misumari, baiskeli na mifereji. Maji nayo yana historia yake. Tangu miaka ya 1950 Mombasa imekuwa ikipata maji ya chemchemi za Mzima, yaliyochujwa na miamba ya volkeno ya vilima vya Chyulu, na kusafirishwa kwa bomba zaidi ya kilomita 200. Kuna pia maji ya Marere kutoka Shimba Hills, visima vya Tiwi, na yale ya Baricho kando ya Mto Sabaki. Hata hivyo, kuna siku mfereji hukoroma tu bila kutoa hata tone. Siku hizo watu hununua maji ya mikokoteni au hurudi kwenye visima, na maji ya visima vingi vya kisiwani yana ladha ya chumvi.

Sasa fikiria mfereji ulio katika hali hiyo. Ile ngozi nyeupe inayong'aa huitwa kromu, na kwa kawaida chini yake pana tabaka la nikeli. Kromu ni ngumu mno lakini ni nyembamba ajabu. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 50 hadi 100 hivi. Kromu iliyo juu ya mfereji wa nyumbani kwa kawaida haifiki hata mikroni moja! Tena huwa na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Chumvi hupenya humo, ikala nikeli, kisha ikaifikia shaba. Ndiposa kromu hubambuka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Haikuoza yenyewe, kilichooza ni kile kilichoishikilia.

Tena tusidhani kwamba mfereji bila kromu ni mfereji uchi. Kupaka kromu viwandani kulienea kuanzia miaka ya 1920. Kabla ya hapo mifereji ilikuwa ya shaba tupu au iliyopakwa nikeli, na matajiri wa Ulaya waliinawia mikono bila kuona haya.

Alasiri uani

Nilipobisha hodi katika nyumba moja ya ghorofa mbili, mama mwenye umri wa miaka kama sabini alikuwa ameketi juu ya kibago uani, karibu na mfereji uliojitokeza ukutani.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pita, usiogope majimaji."

Ilikuwa alasiri ya Alhamisi, na nyumba ilikuwa ikitayarishwa kwa ajili ya Ijumaa. Kando yake palikuwa na kibakuli cha makapi ya ukwaju uliokwisha kukamuliwa sharubati, chumvi kidogo na kipande cha kumbi la nazi. Aliyachukua yale makapi, akaupaka mfereji wote kuanzia mpini hadi mdomoni, akauacha kwa dakika chache huku akiniuliza habari za Nairobi na bei ya nyanya huko. Kisha akausugua taratibu kwa kumbi, akaumwagia maji, akaufuta kwa kipande cha leso kuukuu. Weusi wote ulitoka. Mfereji ukawa na rangi ya asali.

Nilimwuliza kama siku zote ulikuwa wa manjano.

"Aka! Ulikuwa mweupe kama hiyo yenu ya Nairobi," alinijibu. "Ile rangi ilipobambuka, marehemu mume wangu akataka kuutupa. Fundi akamwambia, bwana, kilichoondoka hapa ni nguo, mwili ungali mzima. Akaumalizia kuuvua, akauparuza kwa msasa, ndio huu."

Hapo, msomaji, ndipo lilipo somo lote la safari hii. Kabla ya kuutupa mfereji, jiulize: kilichoharibika ni nguo au ni mwili?

Wala ukwaju si ushirikina. Una asidi iitwayo tartariki, kama vile ndimu na limau zilivyo na asidi ya sitriki. Asidi hizi ni za upole. Huyeyusha ule utando mweusi wa shaba iliyoshambuliwa na hewa bila kuila shaba yenyewe kwa kasi. Chumvi ikiongezwa kidogo kazi huenda mbio, lakini sharti ioshwe vizuri baadaye, la sivyo itaendelea kula.

Upime mfereji wako

Ukirudi nyumbani usikimbilie msasa. Ufanyie mfereji wako uchunguzi kama daktari.

Kwanza, leta sumaku, hata ile ya kubandika picha kwenye friji. Ikinasa, mfereji wako ni wa chuma kilichopakwa kromu au wa aina ya chuma kisichoshika kutu. Isiponasa, huenda ni shaba, huenda ni zinki.

Pili, ukiwa umefunguliwa, upime kwa mkono. Shaba ni nzito. Kwa ukubwa ule ule, ni nzito kuliko zinki kwa karibu robo nzima. Mifereji mingi ya bei rahisi imetengenezwa kwa zinki, na mkono utakuambia.

Tatu, tafuta mahali palipojificha, kwa mfano chini au nyuma, upakwaruze kidogo kwa ncha ya msumari. Ukiona manjano, furahi. Una shaba, na taabu yako haitakuwa bure. Ukiona kijivu kilichofifia, hiyo ni zinki. Zinki iliyobambuka kromu haina mng'aro wa kudumu. Ukiisugua leo, kesho itakuwa na vumbi jeupe. Hiyo unaweza kuisafisha, kubadilisha kipira cha ndani, na kuitumia hadi siku yake ya mwisho, lakini usipoteze wikendi nzima ukitafuta dhahabu ndani yake.

Nne, na hili ni muhimu hasa kwa ndugu zetu wanaotumia maji ya visima vyenye chumvi, tazama kama pana madoa ya waridi au mekundu juu ya shaba ya manjano. Kuna ugonjwa wa shaba ambapo maji yenye chumvi hunyonya zinki na kuacha shaba nyekundu iliyojaa vitundu kama sponji. Kwa nje mfereji utaonekana mzima, lakini siku moja utakatikia mkononi mwako na maji yarushe nyumba nzima. Mfereji wa namna hiyo hausuguliwi. Hubadilishwa.

Kazi yenyewe

Kama kromu ingali nzima ila imefunikwa na utando mweupe wa chokaa, hata msasa hauhitajiki. Lowesha kitambaa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ukizungushe juu ya mfereji kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha usafishe kwa maji mengi na kukausha. Usiuache usiku kucha, maana siki nayo ikikaa sana hula nikeli kupitia zile nyufa. Kama ni chuma chenye kromu na kina vidoa vya kutu, finyanga ile karatasi ya fedha ya kufungia chakula, iloweshe maji, usugue polepole. Kutu itatoka bila kukwaruza kromu.

Lakini kama ni shaba na kromu imekwisha kubambuka nusu, jipangie Jumamosi moja na uite watoto walio wakubwa kidogo wajifunze.

Anza kwa kufunga maji kwenye mita au kwenye tangi, kisha fungua mfereji mpaka yaliyobaki yaishe. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa. Parafujo moja ikitumbukia humo furaha yote itakwisha. Toa kifuniko kidogo cha mpini, fungua parafujo kwa bisibisi, na uzungushie shingo ya mfereji kitambaa kabla ya kuishika kwa spana, ili meno ya spana yasiache alama. Kila kipande unachokitoa kipange mezani kwa mfuatano wake. Ukifika ndani utaona kipira cha duara ambacho mafundi hukiita washa. Kama kimekauka au kina mfereji katikati yake, nunua kingine. Ni cha bei ndogo, na mara nyingi ndicho kinachofanya mfereji utiririshe machozi usiku kucha.

Sasa chukua msasa ule mweusi wa kutumiwa na maji. Anza na nambari 400. Ikiwa kuna makovu makubwa, anza na 240. Lowesha msasa na mfereji wakati wote, usugue kuelekea upande mmoja. Kromu ni ngumu, kwa hiyo itakuchelewesha. Usikate tamaa. Manjano yataanza kutokeza kwenye kingo, kisha yatapanuka. Rangi ikiwa moja kila mahali, ingia nambari 800, halafu 1200. Kila hatua kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia. Ukiruka hatua, utaiona mikwaruzo hiyo daima kila jua linapopiga dirishani. Usiguse kwa msasa sehemu zenye nyuzi za kufungia, wala pale washa inapokalia ndani.

Baada ya hapo osha kwa sabuni, ukaushe, kisha ung'arishe. Unaweza kutumia dawa ya mkebe kama Brasso, ile ambayo askari huitumia kwa vifungo vyao, au ukarudi kwa bi mkubwa na ukwaju wake. Osha tena kwa sabuni, ukaushe kabisa, na upake nta ya nyuki nyembamba sana kwa nje, uifute kwa kitambaa laini. Nta huzuia hewa na maji yasiiguse shaba kwa muda. Haidumu milele, kila baada ya wiki chache utaipaka upya. Wapo wanaopaka vanishi badala ya nta. Hung'aa vizuri, lakini mahali panaposhikwa kila siku huanza kubanduka vipande vipande, na hapo kazi huwa mbili.

Unaporudisha vipande mahali pake, zungusha utepe mweupe wa kuzuia maji juu ya nyuzi kwa kufuata upande wa kufungia. Fungua maji polepole, uyaache yatiririke kwenye ndoo kwa dakika chache kabla ya mtu yeyote kuyanywa. Maji hayo usiyamwage. Yapigie deki.

Yale ya kuogopa

Naomba sehemu hii usiiruke, hasa wewe uliye na watoto.

Usichanganye kamwe jiki na siki, ndimu au asidi yoyote. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na chumba cha kuogea ni kidogo. Gesi hiyo yaweza kuunguza mapafu yako kabla hujaufikia mlango. Tena jiki yenyewe ni adui wa mfereji. Asidi kali ya kusafishia choo ni mbaya zaidi, kwani huyeyusha kromu. Nyumba nyingi zinazolalamika kwamba mifereji imechakaa upesi, mchawi ni chupa iliyo chini ya sinki.

Usijaribu kupaka kromu nyumbani. Kazi hiyo hufanywa kwa umeme ndani ya matangi yenye kemikali, na aina ya kromu inayotumika kwa kawaida katika matangi hayo husababisha saratani. Ukiutaka mfereji wako urudi kuwa mweupe, upeleke kwa wenye karakana za kazi hiyo na vifaa vyake, na uulize bei kwanza. Vilevile usiichome kromu kwa moto ili ibanduke. Shaba ikipata joto kali, zinki iliyo ndani hutoa moshi unaoleta homa na kubana kifua.

Jambo la tatu ni risasi. Zamani, na hata sasa kwa mifereji mingine, shaba hutiwa madini ya risasi kidogo ili iwe rahisi kuchongwa mashineni. Marekani ilipunguza kiwango hicho hadi asilimia 0.25 kwa sehemu zinazoguswa na maji ya kunywa kuanzia 2014, kwa sababu risasi hudhuru akili za watoto wadogo. Ndiyo maana nilisisitiza msasa uwe na maji: vumbi lisirukeruke. Vaa glavu, tandika magazeti na uyatupe baadaye, usifanyie kazi hii juu ya meza ya chakula, na watoto wachanga wakae mbali. Kama mfereji wako ni wa kale, jenga mazoea ya kuyaacha maji ya kwanza ya asubuhi yatiririke kidogo kwenye ndoo ya maua kabla ya kujaza birika la chai.

Hesabu ya tone

Pengine unajiuliza, kwa nini nijisumbue hivyo kwa ajili ya mfereji? Nitakujibu kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la sita aweza kuisahihisha. Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde hudondosha matone 86,400 kwa siku. Matone 20 tukiyahesabu kuwa mililita moja, hizo ni zaidi ya lita nne kila siku. Kwa mwezi ni karibu lita 130, yaani mitungi sita ya lita 20 na zaidi. Muulize mama wa Likoni au wa Kibera anayenunua maji kwa mtungi kama hiyo ni mali ya kutupa. Na mara nyingi dawa yake ni ile washa tu, ambayo hungeiona kama hungeufungua mfereji kuusafisha.

Kuna hesabu nyingine pia. Brasi ina thamani, na wezi wanalijua hilo kuliko sisi wenye nyumba. Wizi wa vyuma ulipozidi na mitambo ya umeme ikaharibiwa, serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu mnamo Januari 2022, ikaifungulia tena Mei mwaka huo kwa masharti makali. Kitu ambacho mwizi yuko tayari kuruka ukuta usiku ili aking'oe, wewe unakitia guniani kwa hiari yako, kisha unakwenda dukani kununua zinki iliyovishwa nguo nyeupe! Na ikiwa kweli mwili wa mfereji wako umekwisha, umeliwa na chumvi hadi kuwa mwekundu, basi uuze kwa mnunuzi mwenye leseni na udai bei ya brasi. Usikubali apime kwa bei ya chuma.

Wazee wa pwani walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, lakini ndio uliokulaza miaka yote. Kwa hiyo ukifika Mombasa, baada ya ngome na madafu, ingia ndani ya Mji wa Kale uone vitu vikuukuu vinavyotunzwa na wenyewe. Na ukirudi kwako, tafuta msumari na sumaku, uinamie mfereji wa jikoni, ukwaruze kidogo chini ya shingo yake mahali ambapo mgeni haoni. Ukiona manjano, weka ukwaju majini.